Mwanga Uliopima Jino Bila Kulikata

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtafiti aliyetaka kujua jino limepoteza madini kiasi gani alikuwa na njia moja ya kuaminika: kulikata. Alichukua jino lililong'olewa, akalipasua kwa msumeno wa almasi, akasugua kipande hadi kikabaki na unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, kisha akakipiga eksirei kando ya ngazi ndogo ya alumini. Kwa kulinganisha weusi wa jino na weusi wa kila kidato cha alumini, alipata hesabu ya madini kuanzia juu ya enameli, gamba gumu la nje la jino, kwenda ndani. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na hadi leo vipimo vingine hulinganishwa na njia hiyo. Lakini jino lililokatwa halirudi kinywani. Mtafiti aliona hali ya siku moja, basi.

Hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kuoza kwa meno si tukio la mara moja. Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza mwaka 1890 kwamba vijidudu vya kinywani hula sukari na wanga na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Waliomfuata walionyesha upande wa pili: mate yana kalisi na fosfeti, na asidi ikipungua madini hurudi, hasa floraidi ikiwapo. Kila baada ya chai yenye sukari jino hupoteza kidogo. Kila likipumzika hujipatia kidogo. Doa jeupe linalotangulia tundu ni mahali ambapo hasara imeizidi faida kwa muda mrefu, na bado laweza kupona.

Madaktari hawakuwa na chombo cha kuona mapambano hayo. Walikuwa na macho na sindano ya chuma yenye ncha kali. Wakiisukuma kwenye mfereji wa gego ikanasa, jino lilihesabiwa bovu na keekee ikaanza kazi. Mwaka 1987 Kristian Ekstrand na wenzake wa Denmark walichunguza kwa hadubini meno yaliyochokonolewa namna hiyo, wakakuta sindano imevunja enameli iliyokuwa imelainika tu. Kifaa cha kutafutia tundu kilikuwa kikichimba tundu. Naona huo ni mmoja wa ushahidi mzito kabisa katika historia ya udaktari wa meno, na inasikitisha kwamba sindano hiyo bado hutumiwa vilevile mahali pengi.

Eksirei nayo ilikuja mapema. Otto Walkhoff wa Braunschweig, Ujerumani, alipiga picha ya meno yake mwenyewe Januari 1896, wiki chache tu baada ya Röntgen kutangaza ugunduzi wa miale hiyo, akakaa mbele ya miale dakika 25. Hata hivyo picha ya kawaida ya eksirei huchelewa: madini mengi lazima yawe yameondoka ndipo kivuli kionekane.

Jibu lilitoka kwenye tawi lingine kabisa la elimu. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes wa Cambridge alipeleka maji yenye kwinini, dawa ileile ya malaria, kwenye sehemu ya mwanga ambayo jicho halioni, miale ya urujuanimno. Maji yakang'aa buluu. Alitambua kwamba kitu kinaweza kumeza mwanga wa rangi moja na kuutoa kwa rangi nyingine, na akaliita jambo hilo fluoresensi. Mwaka 1911 Hans Stübel aliandika kuhusu viungo vya wanyama vinavyong'aa hivyo, meno yakiwamo. Mwaka 1929 mtafiti Benedict alipendekeza mng'ao wa meno utumike kuchunguzia uozo, kwa kuwa sehemu mbovu haing'ai kama nzima.

Wazo zuri, nalo likalala nusu karne. Taa za urujuanimno zilikuwa dhaifu na za hatari kwa macho, na hapakuwa na namna ya kugeuza mng'ao kuwa tarakimu. Jicho likisema "hapa pameng'aa kidogo", mwezi ujao halitakumbuka kidogo hicho kilikuwa kiasi gani.

Mwamko ulitokea Sweden. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hans Bjelkhagen, Birgit Angmar-Månsson na wenzao walimulika meno kwa leza ya buluu ya nanomita 488, wakayatazama kupitia kichujio cha njano kilichozuia buluu yote. Jino zima lilionekana njanokijani, na palipoanza kuoza palikuwa doa jeusi. Sababu yake ni hii: sehemu kubwa ya mng'ao hutoka kwenye dentini, iliyo chini ya enameli. Enameli nzima hupitisha mwanga. Ikipoteza madini hujaa vitundu vidogo sana vinavyoutawanya. Mwanga mchache hufika chini, na mng'ao mchache hurudi juu. Doa ambalo jicho huliona jeupe, kifaa hiki huliona jeusi.

Mwaka 1995 Elbert de Josselin de Jong na wenzake, wakiunganisha kazi za Uholanzi na Sweden, walitoa namna ya kuupima weusi huo. Chumba hutiwa giza. Jino hukaushwa kwa upepo, maana maji yakibaki ndani ya vitundu hupunguza tofauti ya doa na enameli nzima, na hesabu yote huharibika. Kamera hupiga picha, mtafiti huchora mstari kwenye enameli nzima inayozunguka doa, na kompyuta hukisia eneo lile lingeng'aa vipi kama lisingeugua. Tofauti kati ya makisio na hali halisi ndiyo hasara. Kwa kawaida huhesabiwa pale inapozidi asilimia 5. Ukizidisha wastani wa hasara kwa ukubwa wa doa, unapata tarakimu moja ya kufuatilia. Leza nayo ikaiachia nafasi taa yenye kichujio, nafuu na salama zaidi, na kampuni ya Inspektor ya Amsterdam ikatengeneza kifaa cha kuuza.

Hapo jino moja likaweza kupimwa leo, mwezi ujao na mwaka ujao. Watafiti wa Sweden waliwafuatilia vijana waliokuwa na madoa meupe baada ya kuvuliwa waya za kunyooshea meno, wakaona madoa yakipungua miezi ikienda. Maabara za dawa za meno, zilizozoea kungoja miaka miwili au mitatu na watoto kwa maelfu, zikaweza kupata dalili mapema na kwa watu wachache.

Kifaa kingine, cha mwanga mwekundu wa nanomita 655, kilitokea Ujerumani mwaka 1998 na kikaenea upesi kwa sababu hutoa tarakimu papo hapo. Visichanganywe. Hicho husoma zaidi mabaki ya bakteria yanayong'aa kuliko madini yenyewe, na ukoga au madoa ya chai huweza kukidanganya.

Hata kifaa cha buluu hakipimi madini moja kwa moja. Hupima mwanga, na mwanga hutawanywa na kasoro yoyote ya enameli. Hapa ndipo suala linapotuhusu. Katika Bonde la Ufa, Arusha na vijiji vya Kilimanjaro na Meru, wengi wamekua wakinywa maji yenye floraidi kupita kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno yao yana mabaka meupe na ya kahawia. Enameli hiyo nayo ina vitundu, nayo huonekana nyeusi chini ya mwanga wa buluu bila kuwa imeoza. Watafiti wa Uingereza na Thailand wameshatumia njia hii kupima floraidi iliyozidi menoni.

Vyuo vikuu vya Muhimbili, Nairobi na Makerere hufundisha udaktari wa meno, na meno hung'olewa katika ukanda huu kila siku. Yakusanywe kwa idhini ya wenyewe, yamulikwe kwanza na kukatwa baadaye, ili tupate viwango vya enameli yetu kabla hatujanunua mashine iliyosahihishwa kwa meno ya Amsterdam.