Bukoba–Dar es Salaam (safari ya anga)

Bukoba–Dar es Salaam ni njia ya ndege inayounganisha mji mkuu wa Mkoa wa Kagera na pwani ya Bahari ya Hindi. Umbali wake wa moja kwa moja angani ni takriban kilomita 1,025. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300, na abiria wa basi hulala njiani.

Uwanja wa Bukoba upo ukingoni kabisa mwa Ziwa Victoria na njia yake ya kurukia ni fupi, hivyo hupokea ndege za mapangaboi kama ATR 42 na Dash 8. Ndege inayokwenda kilomita 550 kwa saa hutumia takriban saa mbili ikiruka moja kwa moja. Ikitua Mwanza, umbali wa kilomita 175 hivi kutoka Bukoba, safari hurefuka. Abiria wa Muleba, kusini mwa Bukoba, huanza kwa gari kuelekea kaskazini hadi uwanjani.

Hali ya hewa ya ziwani hubadilika ghafla, na saa zilizoandikwa kwenye tiketi haziwezi kuizuia. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Wavuvi ndio waliowahi kuifikia kwa mitumbwi yao, wakasaidia kuwatoa manusura.