Ngoma ya Vijana: Je, Ni Fujo au Ni Njia ya Kupatana?

Mazungumzo yetu ya leo ni ya historia, lakini yanaanza na malalamiko.

Shefu mmoja wa kartie alitueleza jambo linalomsumbua. Jioni, jua likipungua, vijana wanakusanyika uwanjani na kufanya duara. Mmoja anapiga bidoni tupu kama ngoma, au anafungulia muziki kwenye simu. Wengine wanaingia katikati mmoja mmoja, wanacheza kwa kichwa na mikono, wanasema maneno ya haraka yenye vina. Watoto wa mtaa wanasimama upande huu, watoto wa familia zilizohama wanasimama upande ule. Wanashindana na wanachekana. Shefu akatuuliza: «Leo wanashindana kwa miguu, kesho watashindana kwa mapanga. Je, niwafukuze?»

Siku ileile mama mmoja aliyekuja kutoka upande wa Kabambare alituuliza swali lingine. Alisema: «Mwanangu hana shule hapa, hana shamba, hana kazi. Mahali pekee ambapo watu wa Kindu wanamwita kwa jina lake ni ndani ya duara lile. Mkimfukuza pale, mtampeleka wapi?»

Haya ni maswali mawili ya kweli, na anayeuliza la kwanza si mtu mbaya. Shefu akiona vijana wamegawanyika pande mbili, lazima moyo wake ushtuke. Sisi wa Maniema tumekwisha kuona mambo: tuliona mwaka 1964, tukaona tena mwaka 1998 na miaka iliyofuata, wakati mji huu ulipozungukwa na watu hawakuweza hata kwenda shambani. Kwa hiyo tusimcheke. Tuangalie kwanza vijana wa zamani walifanya nini na mashindano yao.

Tuanze na reli yetu. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilijengwa kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Vita ile ilipoanza, Wabelgiji walihitaji njia ya kupitisha askari, risasi na chakula mpaka Ziwa Tanganyika. Njia ilikuwa hii ya mto na reli: meli mpaka Kisangani, ambayo wakati ule iliitwa Stanleyville, reli mpaka Ubundu, meli mpaka Kindu, reli mpaka Kongolo, meli tena mpaka Kabalo, na reli mpaka Kalemie. Askari wa Force Publique wakavuka, wakapigana na Wajerumani, na tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora.

Huko Tanganyika walikuta ngoma iliyoitwa beni. Beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wa Kiswahili waliwaona wanajeshi wa Ulaya na tarumbeta zao, nao wakafanya bendi zao wenyewe. Lakini hawakuiga muziki peke yake. Kila chama cha beni kilikuwa na mfalme wake, jenerali wake, daktari wake, na sare zake. Bara Tanganyika vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti. Hawa walishindana kwa gwaride, kwa nguo, kwa nyimbo za mafumbo na za kejeli, na kwa karamu. Mimi nikisoma habari zao nacheka, kwa sababu ni kama vijana wetu na kofia zao za kugeuza nyuma: kila kizazi kina namna yake ya kuwatia wazee wasiwasi.

Vita ilipokwisha, askari na wapagazi walirudi na beni vichwani. Katanga iliitwa mbeni, na wafanyakazi waliotoka sehemu mbalimbali waliicheza huko Elisabethville. Wakubwa wa kikoloni hawakuipenda. Walijiuliza: mtu mweusi aliyejiita jenerali amepewa cheo na nani? Wakafanya upelelezi, wakitafuta uasi. Walichokikuta zaidi ni chama cha kusaidiana. Mgeni aliyefika mjini bila ndugu alipokelewa na wenzake wa beni. Akiugua walimtazama, na akifa walimzika. Sisemi kwamba hawakupigana kamwe. Mara nyingine fimbo na mawe vilitembea. Lakini kijana aliyekuwa mgeni kabisa alipata mahali pa kusimama na watu wa kumjibu, na mashindano yalikuwa na mpaka uliojulikana.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana mchezo huu wa vijana wetu, unaoitwa hip-hop, haukutoka Mombasa. Ulizaliwa Marekani, katika mji wa New York, sehemu inayoitwa Bronx. Na hapa naomba wale tunaowaita deplase wasikilize vizuri, kwa kuwa Bronx pia palikuwa mahali pa watu waliofukuzwa nyumbani. Baada ya vita ya pili ya dunia serikali ya mji ilipitisha barabara kubwa katikati ya mitaa yao, na maelfu ya familia wakaambiwa wahame. Viwanda vilifungwa. Kisha nyumba zikaanza kuungua, na nyingine zilichomwa kwa amri ya wenyewe ili walipwe pesa za bima. Vijana weusi na vijana waliotoka Puerto Rico wakajikusanya katika makundi. Kila kundi lilishika barabara zake, na ukivuka barabara ya wengine unapigwa, au unauawa.

Kundi moja liliitwa Ghetto Brothers. Kiongozi wake, Benjy Melendez, alikuwa pia mwanamuziki. Walimchagua mwenzao mmoja, Cornell Benjamin, awe mjumbe wa amani. Tarehe 2 Desemba 1971 huyo mjumbe alikwenda kuzuia ugomvi wa makundi mengine, wakampiga mpaka akafa. Mji mzima ulingoja kisasi. Makundi yalikwisha kujiandaa. Lakini mama wa marehemu alisema hataki damu nyingine kwa ajili ya mwanawe, na Melendez akamsikiliza. Tarehe 8 Desemba, siku sita tu baada ya kifo, wakuu wa makundi walikaa pamoja katika ukumbi wa vijana kwenye barabara ya Hoe. Walisemana kwa ukali sana, wakatoka na mapatano.

Mapatano hayo hayakumaliza uovu wote wa Bronx. Yalifanya jambo dogo: kijana aliweza kuvuka barabara na kwenda kwenye muziki wa jirani. Angalieni tarehe inayofuata. Tarehe 11 Agosti 1973 msichana mmoja, Cindy Campbell, alitaka pesa za kununua nguo za shule. Akafanya karamu katika jumba walilokaa, nambari 1520 Sedgwick Avenue. Kaka yake, Clive, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, ndiye aliyepiga sahani za muziki. Watu wanamjua kwa jina la Kool Herc. Alikuwa ameona kwamba wachezaji wanangoja ile sehemu ambapo mwimbaji ananyamaza na ngoma zinabaki peke yake. Basi akachukua sahani mbili zilizo sawa, moja ikimaliza sehemu ile anaanzisha nyingine, ili ngoma isikatike. Wachezaji wakaingia katikati ya duara. Wengine wakashika kipaza sauti na kusema maneno kwa mpigo. Wengine wakachora majina yao ukutani. Hiyo ndiyo hip-hop, na miaka ya baadaye wakaipandisha jukwaani ikawa tamthilia. Toka mwaka 2000 New York ilikuwa na tamasha la tamthilia za hip-hop, ambamo kijana anasimulia maisha ya mtaa wake kwa maneno, kwa mwili na kwa picha.

Kwa hiyo kama mkuu wa mtaa akisema duara hili lina asili ya magenge, amesema kweli nusu. Linatoka kwa magenge yaliyokubali kuacha visu. Mapatano yalitangulia, muziki ukafuata. Mara nyingi sisi tunasahau mpango huo, tunadhani tukileta spika kubwa amani itakuja yenyewe.

Tena muziki unaweza kutumikia shetani, lazima tuseme. Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na mwimbaji mashuhuri, Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa redioni wakati wa mauaji ya mwaka 1994. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha miaka 15. Lakini sikilizeni kwa makini hukumu yenyewe: hakufungwa kwa kutunga nyimbo. Alifungwa kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti akiwa barabarani, kuwachochea watu waue. Kwa hiyo wazee wakiogopa maneno yanayosemwa ndani ya duara, hofu yao ina sababu. Kumkejeli mtu kwa viatu vyake vilivyopasuka ni mchezo. Kulitaja kabila lake na kuliita jina la mnyama, hapo mchezo umekwisha.

Tukaribie nyumbani. Mwezi wa Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji wa Goma. Katika miaka hiyo ya majivu na vita, mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo alianzisha huko kituo cha Yole!Africa. Vijana walijifunza filamu, muziki na dansi ya hip-hop, na wakawa na tamasha lao la kila mwaka. Kisha ikaja Novemba 2012, waasi wa M23 wakauteka mji kwa siku kadhaa. Watu wa Goma walipanga tamasha kubwa zaidi, Tamasha la Amani, mwezi wa Agosti 2013. Vita ikalizuia. Wengine wangekata tamaa, lakini wao waliahirisha tu, na kuanzia tarehe 14 hadi 16 Februari 2014 lilifanyika katika uwanja wa Chuo Mwanga. Maelfu ya watu walikuja. Wanamuziki wenye majina walipanda jukwaani, na vikundi vya dansi vya vijana vilishindana mbele ya umati, ngoma za asili pamoja na dansi ya kisasa. Kazi nyingi zilifanywa na watu wa kujitolea.

Mtaniuliza: je, tamasha hilo lilileta amani? Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitekwa tena, na kama kuna kati yenu waliotoka upande huo, mnajua kuliko mimi yaliyowapata. Tamasha halikuzuia bunduki hata moja. Tusilibebeshe mzigo usio wake. Bunduki zina wenyewe, na hao hawachezi katika duara. Jambo ambalo tamasha lilifanya ni kati ya jirani na jirani: kijana wa mtaa huu alimpigia makofi kijana wa mtaa ule, akajua jina lake. Kwa nchi ambayo mara nyingi vita inaanza kwa jirani kumchoma jirani, mimi sihesabu jambo hilo kuwa dogo.

Na msidhani ni mambo ya Goma tu. Mtoto wa mto wetu huu, Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu mwaka 1974, alianza kazi ya dansi Nairobi, akarudi Kongo akaanzisha Studios Kabako mwaka 2001, na mwaka 2006 akaipeleka kazi yake Kisangani, mji uliokuwa umepigwa mabomu kwa siku sita mwezi wa Juni 2000. Mwaka huohuo wa 2006 alitengeneza mchezo pamoja na kijana mcheza hip-hop wa Kinshasa aitwaye Dinozord. Ndani yake walitaja marafiki waliokufa na rafiki aliyekuwa gerezani. Wazee wa Kisangani wanajua kulia msiba. Yeye aliwaonyesha kwamba hata kijana anayesimama kwa kichwa anaweza kulia msiba.

Turudi basi kwenye uwanja wetu. Kasuku wana vijana wao, Mikelenge wao, na wale wa Alunguli wanalazimika kuvuka mto kwa mtumbwi ili wafike. Nilipomweleza shefu habari hizi, aliniuliza mambo ya kazi, na niliyapenda maswali yake. Nani atashika saa ili mchezo ukome kabla ya giza? Nani atamtoa anayetukana kabila? Je, lazima pande ziwe wenyeji na waliohama? Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nifikiri. Huko Tanganyika watu walikuwa na vyama vyao, Marini na Arinoti. Hakuna aliyesema vikundi vya Kindu vigawanywe kwa historia ya vita. Vinaweza kugawanywa kwa avenyi, au hata kwa kura ya vijiti. Akauliza pia wasichana wako wapi. Sikuwa na jibu. Wanasimama pembeni na ndoo za maji wakitazama.

Shefu hakuniahidi kitu. Alisema Jumamosi atapeleka kiti chake pale uwanjani, akae karibu na duara, aone mwenyewe. Mama yule wa Kabambare nilimpelekea habari. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ni saa tisa au saa kumi, kwa sababu shati la mwanawe ni moja na lazima alifue asubuhi lipate kukauka.