Kinga ya mdomo wa pampu

Kinga ya mdomo wa pampu ni kifuniko chenye matundu madogo, kwa kawaida sifongo, kinachovishwa kwenye bomba linalovuta maji katika tangi la samaki wa mapambo. Kazi yake ni kuzuia samaki dhaifu wasinaswe na mvuto wa pampu.

Walio hatarini zaidi ni vifaranga, samaki wagonjwa au wazee, na spishi zisizoogelea kwa nguvu, kama farasi wa bahari na Betta splendens mwenye mapezi marefu. Samaki mzima mwenye afya kwa kawaida huweza kuukwepa mvuto huo. Akinaswa, huenda alikuwa mgonjwa tayari.

Namna inavyofanya kazi

Sifongo hutawanya mvuto kwenye eneo kubwa. Mdomo wa bomba wenye kipenyo cha sentimita 2 una eneo la takriban sentimita za mraba 3.14. Sifongo yenye umbo la mcheduara, kipenyo sentimita 5 na urefu sentimita 10, ina eneo la ubavuni la takriban sentimita za mraba 157. Kwa kiasi kilekile cha maji, kasi kwenye uso wake hupungua takriban mara 50.

Matunzo

Sifongo ikiziba, pampu huvuta maji kwa shida. Pampu huzimwa kwanza, kisha sifongo hukamuliwa katika maji yaliyotekwa tangini. Maji ya bomba yenye klorini hayafai, kwa kuwa huua bakteria wanaobadilisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kuwa nitriti na hatimaye nitrati.