Herufi za Msasa: Chimbuko la Kufundisha Lugha kwa Watoto Wadogo Wenye Mahitaji Maalumu

Mambo mengi yanayofanyika katika darasa la chekechea kukuza lugha, kama kutaja jina la kitu huku mtoto akikishika, kulinganisha kitu na picha yake, au kufuatisha umbo la herufi kwa kidole kabla ya kushika kalamu, hayakubuniwa kwa ajili ya watoto wanaosema bila shida. Yalibuniwa kwa ajili ya watoto waliokwisha kukatiwa tamaa na madaktari na walimu wa zama zao. Njia hizo zilianza kuundwa Paris katika karne ya 18, na baadaye zikafika Rome, New York na hata milima ya Usambara.

Karibu mwaka 1760, padri Charles-Michel de l'Épée alianza kuwafundisha watoto viziwi jijini Paris bila malipo. Wakati huo wengi waliamini kwamba asiyesikia hawezi kufikiri sawasawa. De l'Épée alizichukua alama za mikono walizokuwa wakitumia viziwi wenyewe, akaongeza nyingine za kwake ili kuonyesha sarufi ya Kifaransa, na wanafunzi wake wakasoma na kuandika mbele ya hadhara. Alifariki mwaka 1789, na shule yake ikawa taasisi ya taifa.

Ni katika taasisi hiyo alikofikishwa mvulana wa miaka 11 au 12 aliyekamatwa Januari 1800 karibu na kijiji cha Saint-Sernin, katika jimbo la Aveyron. Alikuwa ameishi porini peke yake kwa muda mrefu na hakusema neno lolote. Philippe Pinel, daktari mashuhuri wa magonjwa ya akili, alimchunguza na kuamua kwamba hafundishiki. Daktari kijana wa taasisi hiyo, Jean Itard, hakukubali. Alimchukua mvulana huyo, akampa jina la Victor, na kumweka chini ya uangalizi wa mama mmoja aliyeitwa Madame Guérin. Kazi hiyo ilidumu miaka mitano hivi, na Itard aliieleza katika taarifa mbili, ya mwaka 1801 na ya 1806.

Victor hakuwa tena wa umri wa chekechea, lakini Itard alilazimika kumwanzishia yale ambayo mtoto mchanga huyapata mwenyewe nyumbani: kutofautisha joto na baridi, sauti na sauti, umbo na umbo. Alichora vitu ubaoni, ufunguo, mkasi na nyundo, kisha akavitundika vitu vyenyewe kwenye michoro yao. Vitu vikiondolewa, Victor alivirudisha kila kimoja mahali pake. Baadaye karatasi zenye rangi na maumbo zilichukua nafasi ya vitu, na baada ya karatasi zikafuata herufi.

Neno la kwanza alilotamka Victor ni la Kifaransa lenye maana ya maziwa, "lait". Itard alivunjika moyo alipogundua kwamba kijana alilisema baada tu ya kumiminiwa maziwa, kwa furaha, na si kwa kuyaomba. Kwa Itard, hiyo ilikuwa sauti ya raha, haijawa lugha. Ndipo alipomwonyesha namna ya kulipanga neno hilo kwa herufi nne za chuma. Siku chache baadaye, alipokuwa akipelekwa nyumba ya jirani alikozoea kupewa maziwa, Victor alizichukua zile herufi kwa hiari yake, na alipofika akazipanga mezani. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto asiyeweza kutamka alikuwa amemwambia mtu mwingine haja yake kwa maneno, lugha ikipitia mkononi huku mlango wa mdomo ukiwa umefungwa.

Hata hivyo, Itard alihesabu kazi yake kuwa imeshindwa, kwa sababu Victor hakujifunza kuongea. Kosa lake kubwa liko wazi kwa anayesoma taarifa zake leo: aliishi katikati ya vijana viziwi waliokuwa wakizungumza kwa alama kutwa nzima, lakini hakumfundisha Victor lugha hiyo. Alikuwa anasubiri sauti. Victor alifariki mwaka 1828, akiwa bado analelewa na Madame Guérin.

Kung'ang'ania sauti kuliwagharimu wengi. Mwaka 1880, kongamano la walimu wa viziwi lililofanyika Milan, ambalo wajumbe wake walikuwa karibu wote wasikiaji, lilipitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka tu. Alama zikapigwa marufuku katika shule nyingi za Ulaya na Marekani, na walimu viziwi wakapoteza kazi. Watoto wadogo walikaa miaka wakifundishwa kusoma midomo huku umri bora wa kupata lugha ukiwapita. Ni mwaka 1960 tu ndipo William Stokoe, mwalimu katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, alipochapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba lugha ya alama ya Marekani ni lugha kamili. Mwaka 2010, kongamano kama lile la Milan lilipokutana Vancouver, liliyakataa maazimio ya 1880 na kueleza majuto.

Njia za Itard ziliendelezwa na mwanafunzi wake, Édouard Séguin, ambaye mwaka 1837 alianza kumfundisha mtoto mwenye ulemavu wa akili chini ya uongozi wa mwalimu wake. Séguin alichukua mazoezi yaliyobuniwa kwa mtoto mmoja, akayapanga yawe mfumo wa kufundishia darasa zima: misuli kwanza, kisha hisi, kisha lugha na fikra. Kitabu chake kikuu kilitoka Paris mwaka 1846. Baada ya mapinduzi ya 1848 alihamia Marekani, ambako alisaidia kuanzisha shule za watoto wa aina hiyo na kuchapisha kitabu kingine New York mwaka 1866.

Urithi mmoja wa Séguin bado uko hai madarasani, nao ni somo la hatua tatu. Mwalimu anaweka mbele ya mtoto vipande viwili, kimoja chekundu na kingine cha buluu, na kusema: "Hiki ni chekundu. Hiki ni cha buluu." Haongezi maneno mengine. Hatua ya pili anasema: "Nipe chekundu." Mtoto hahitaji kutamka, mkono wake unatosha kujibu. Katika hatua ya tatu ndipo anapoulizwa: "Hiki ni cha rangi gani?" Akikosea, hakaripiwi wala hasahihishwi papo hapo, somo linaachwa hadi siku nyingine. Ubora wake uko katika hatua ya pili, kwa maana inamruhusu mtoto aliyechelewa kusema kuonyesha kwamba ameelewa. Walimu wengi wenye haraka huiruka na kwenda kwenye swali la mwisho, kisha wakamhesabu mtoto mkimya kuwa hajui.

Aliyeleta njia hizi kwa watoto wa umri wa chekechea ni Maria Montessori, aliyehitimu udaktari Rome mwaka 1896. Akiwa msaidizi katika kliniki ya magonjwa ya akili, aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili waliofungiwa pamoja na wagonjwa wazima, bila kitu cha kuchezea. Mwaka 1900 alipewa kuongoza, pamoja na Giuseppe Montesano, shule ya Rome ya kuandaa walimu wa watoto hao. Alifundisha kutwa kwa njia za Itard na Séguin, na baadaye akavitafsiri vitabu vyao kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono. Baadhi ya watoto wake walifanya mtihani wa shule za kawaida, wakafaulu. Watu walistaajabu, lakini yeye alijiuliza ni nini kinawazuia watoto wengine, wenye afya, wasifike mbali zaidi ya hapo.

Jibu alilitafuta San Lorenzo, mtaa wa walalahoi jijini Rome, alikofungua Nyumba ya Watoto tarehe 6 Januari 1907. Herufi za mbao alizotumia awali zilikuwa za gharama, basi akakata herufi za msasa na kuzigandisha kwenye kadi laini. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya msasa kwa mwelekeo uleule wa kuandika, na mwalimu anatamka sauti ya herufi, si jina lake. Kidole kikiteleza nje ya mstari, ulaini wa kadi unamwambia mtoto kwamba amepotea. Jicho, sikio na mkono vinafanya kazi pamoja, kwa hiyo mlango mmoja ukiwa mzito, mingine ipo. Kabla ya mwaka kwisha, watoto wa miaka minne na mitano, ambao wazazi wao wengi hawakujua kusoma, walikuwa wanaandika.

Njia hiyo inakaa vizuri katika lugha ambazo huandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiitaliano na Kiswahili. Tanzania ina vyuo vya walimu wa Montessori, baadhi vikiendeshwa na masista wa Kikatoliki, vikiwemo cha Lushoto, katika milima ya Usambara, na cha Msimbazi, Dar es Salaam, na herufi za msasa ni miongoni mwa vifaa vyake.

Dhuluma kubwa katika historia hii ni kwamba vifaa vilienea haraka kuliko haki. Kwa miongo mingi, vifaa vilivyobuniwa kwa watoto wenye ulemavu vilipamba shule ambamo wao wenyewe hawakupokelewa. Marekani, mpango wa elimu ya awali uitwao Head Start, ulioanza mwaka 1965 kwa watoto wa familia maskini, ulisubiri hadi 1972 kabla ya Bunge kuagiza kwamba angalau asilimia 10 ya nafasi ziwe za watoto wenye ulemavu. Mwaka 1986 sheria nyingine ikasukuma majimbo yote kuwapa elimu watoto wenye ulemavu wa umri wa miaka mitatu hadi mitano. Kimataifa, kanuni kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, pamoja na tofauti zao za kimwili, kiakili na kilugha, iliafikiwa Salamanca, Hispania, Juni 1994, na wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa.