Jua, Maji na Afya ya Mtoto

Leo tunazungumzia rafiki anayepita juu ya paa lako kila siku bila kudai malipo: jua.

Hapa Kipkelion maji hatukosi. Tuna mvua, chemchemi na mto Kipchorian. Lakini maji mengi si lazima yawe maji safi. Mvua husomba kinyesi cha mifugo na cha watu hadi mtoni, na mtoto akiyanywa maji hayo huanza kuhara.

Miaka ya sabini, mjini Beirut nchini Lebanon, Profesa Aftim Acra na wenzake walijiuliza swali. Mtoto anayehara hupewa maji ya chumvi na sukari. Je, kama maji yenyewe ni machafu? Wakayaweka kwenye jua, wakaona kwamba mwanga unaua vijidudu. Mwaka 1980 wakautangazia ulimwengu habari hiyo.

Jambo hilo lilikuja kujaribiwa hapa kwetu Kenya, kwa Wamaasai. Watafiti, akiwemo Ronán Conroy wa Ireland, waligawa chupa za plastiki. Watoto wengine waliambiwa waweke chupa zao juani, wengine waziweke ndani ya nyumba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996: waliokunywa maji ya juani waliugua kuhara kukali mara chache zaidi. Baadaye kipindupindu kikazuka katika eneo hilo. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani, watatu tu waliugua. Kati ya 144 wa kundi la pili, waliugua 20. Mama, hebu zipime hesabu hizo moyoni.

Huko Japani nako, Akira Fujishima na mwalimu wake Kenichi Honda walichapisha mwaka 1972 ugunduzi mwingine. Titani dioksaidi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za nyumba, ikipigwa na mwanga ndani ya maji, huweza kuyagawanya yakatoa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni ni gesi inayowaka bila moshi. Mwaka 1985 Wajapani wengine walionyesha kwamba unga huo ukisaidiwa na mwanga huua vijidudu pia. Siku hizi wanasayansi huutengeneza kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ili mwanga upate mahali pengi pa kufanyia kazi. Unaweza hata kuvunjavunja dawa za kunyunyizia mimea, jambo ambalo jua peke yake halilimudu vizuri. Lakini kazi kubwa bado iko maabara. Usingoje unga huo, na usitie rangi wala unga wowote kwenye maji ya kunywa.

Basi tumia ulicho nacho. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya shambani. Ioshe, toa karatasi yake, jaza maji, funga. Isimamishe juu ya gazeti na uchungulie kutoka mdomoni. Usipoweza kusoma herufi kubwa zilizo chini, maji yana matope, yachuje kwanza. Kisha ilaze juu ya mabati kuanzia asubuhi, kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, kama tunavyoijua sisi watu wa majani chai, chemsha maji.

Mtoto anywe kutoka chupa hiyo hiyo, au kikombe safi. Akihara, mpe maji ya chumvi na sukari na umwahishe kituo cha afya.

Kule kwa Wamaasai jua lilifanya sehemu yake, lakini chupa haikupanda juani yenyewe. Kuna mkono ulioipeleka kila asubuhi. Kesho uwe wako.

Afya njema kwako na kwa watoto.