Ferrari, vumbi na fundi wa Kenya

Mwezi uliopita nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikapita Nyarutarama kumsalimia shangazi anayefanya kazi za nyumbani huko. Mbele ya geti moja kulikuwa na gari jekundu la Kitaliano, chini kabisa, karibu liguse lami. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye grupu. Mmoja wetu akaandika eti mkimbizi aote mgao tu, hayo si yetu. Neno hilo lilinikaa rohoni, ndiyo maana leo naleta historia kidogo.

Magari ya namna ile yalishafika Afrika Mashariki zamani, na hayakuja kuegeshwa getini. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1975 kampuni ya Lancia ilileta Stratos. Hilo lilitengenezwa kwa ajili ya mashindano, na nyuma ya dereva lilikuwa na injini ya Ferrari Dino yenye silinda sita. Lancia ilichukua ubingwa wa dunia 1974, 1975 na 1976. Kwa ajili ya Safari wakaliinua juu, wakafunga vyuma vya kukinga mbele.

Basi nani alishinda 1975? Ove Andersson wa Sweden, na Peugeot 504! Ile ile ambayo wazee wetu walipanda wakibanana na magunia. Stratos zikawa za pili na za tatu.

Mwaka 1976 zilirudi, zikashindwa tena. Safari hii mshindi alikuwa Joginder Singh, Mkenya mzaliwa wa Kericho, akiendesha Mitsubishi Lancer. Kabla ya kuwa maarufu alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 alishashinda na Volvo iliyokwisha kutumika, na 1974 akashinda tena. Mimi naona ufundi ulimsaidia sana. Safari ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, na fundi anajua mlio upi unaweza kungoja na upi unakuambia simama sasa hivi.

Lancia ilisubiri hadi 1988 ndipo Miki Biasion akaipa ushindi wa kwanza wa Safari, na 1989 akarudia. Lakini gari lake, Delta Integrale, lilitokana na gari la kawaida la familia, magurudumu yote manne yakivuta.

Sasa kwa yule aliyesema mkimbizi aote mgao. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, naye akakimbilia Kenya na familia yake. Ni kweli walikuwa matajiri, hawakulala kwenye hema kama sisi. Lakini nchi walipoteza. Mwaka 1973, hata mwaka haujaisha, akashinda Safari na Datsun 240Z, pointi sawasawa na Harry Källström, mpaka ikabidi kanuni iamue. Kisha akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sisemi kila mmoja wetu atanunua Ferrari. Lakini tujue: kwenye Ferrari Testarossa, kubadili tu mkanda wa taimingi inabidi injini yote itolewe nje. Ukiuacha ukatika, injini imekwisha. Kwa hiyo mwenye pesa naye anamtegemea mtu mwenye mikono michafu na akili safi. Mtu huyo anaweza kutoka hapa kwetu.

Tuna mwenzetu anayejifunza ufundi wa pikipiki. Jumamosi baada ya umuganda ameahidi kufungua injini mbele yetu, tuone kila kipande. Wewe uliyeandika habari ya mgao, njoo ndugu yangu. Nitakuwekea nafasi mbele.