Je, Kijani cha Lothagam ni cha Shaba?

Nguzo za mawe za Lothagam ziko kusini-mashariki mwa Lodwar, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Wafugaji wa kale walizika wafu wao hapo kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, watu wasiopungua 580, wengi wakiwa na mapambo yao. Kati ya mapambo hayo zimo shanga za amazonaiti, jiwe la kijani kinachoelekea buluu. Mjini Lodwar wanaojua mambo huniambia kijani hicho ni shaba tu. Hata wataalamu wa madini waliamini hivyo kwa muda mrefu. Walikuwa na ushahidi gani?

Nilianzia Kakuma, sokoni, ambako shaba haihitaji kubashiriwa. Bangili zilikuwa zimeota kutu ya kijani. “Dawa yake ni ndimu tu, ndugu yangu,” mama muuzaji aliniambia, akaisugua moja kwa ndimu ikang'aa. Kutu ile kwa kawaida ni shaba iliyoshikwa na kaboneti. Asidi ya ndimu huivunja kaboneti, kisha sitrati iliyomo huibeba shaba na kuiacha majini. Shaba, basi, hubadili mshikaji. Lakini huchaguaje?

Hapo kumbukumbu za kemia zilinifaa. Kitabu cha 1597 cha Ujerumani tayari kinataja buluu inayotokea shaba nyeupe, yaani brasi, ikikutana na amonia. Mwaka 1893, huko Zurich, ikaelezwa kwamba metali huzungukwa na washikaji wake kwa mpangilio maalumu. Leo tunawaita ligandi. Mwaka 1941, Copenhagen, nguvu ya amonia ikapimwa hatua kwa hatua. Amonia nne zikiishika shaba, kipimo cha uthabiti hufika karibu 1 yenye sifuri 13. Je, yupo anayeweza kuzipokonya?

Yupo: EDTA, kemikali inayotumika hata kwenye sabuni. Kipimo chake ni karibu 1 yenye sifuri 19. Nina shaka na wanaozilinganisha namba hizo mbili juu juu, maana amonia huja nne na EDTA huja moja. Hata hivyo siri iko papo hapo: molekuli moja ya EDTA hushika kwa pointi sita, na moja ikilegea nyingine hazijaachia. Weka EDTA ya kutosha kwenye ile buluu iliyokolea, nayo hupauka. Basi kwa nini nisiudondoshee ushanga EDTA?

Kwa sababu jibu lingekuwa bure, mbali na kuharibu kaburi la watu. Amazonaiti ni feldspa. Atomu zake zimefungwa ndani ya fremu ya silika, na hakuna tone la EDTA litakalozitoa kwa dakika chache. Jiwe lisipoachia shaba, hujui kama haimo au imefungiwa. Njia yangu ikakatika hapo. Nani alikuwa ameingia ndani ya jiwe lenyewe?

Utafiti wa 1985 uliingia kwa mwanga. Uliihusisha rangi na madini ya risasi, pamoja na maji kidogo yaliyonaswa ndani ya jiwe na mnururisho wa asili. Baadaye wengine wametaja chuma, kwa hiyo sifungi faili. Ila shaba imepoteza kiti chake. Na kama ni risasi, ambayo isotopu zake hutofautiana mwamba hadi mwamba, je, haiwezi kutuonyesha shanga hizo zilichimbwa wapi?